Heko kwa Watunzaji wa Nyumba ya Rembrandt

Mtu akifilisika, karatasi za madeni huwa aibu yake. Huko Amsterdam, Uholanzi, karatasi za aina hiyo ndizo zilizofufua nyumba.

Mchoraji Rembrandt aliinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000. Aliishi humo alipokamilisha picha yake kubwa ya walinzi wa mji mwaka 1642, mwaka uleule aliofiwa na mkewe, Saskia. Deni la nyumba likamwelemea. Alipofilisika mwaka 1656, makarani walipita chumba hadi chumba wakiandika kila walichokikuta: picha, sanamu, silaha, makombe ya baharini. Orodha ikafika vipengele 363. Nyumba iliuzwa mwaka 1658, naye akahamia Rozengracht, mtaa wa watu wa kawaida.

Wenye nyumba wapya waliibomoabomoa ndani. Baadaye jiji likainunua, na mwaka 1911 ikawa makumbusho. Lakini sifa kubwa ni ya waliokaa na ile orodha katika miaka ya 1990, wakarudisha chumba kimoja baada ya kingine.

Samani nyingi si za Rembrandt mwenyewe, ni za zama zake, nao watunzaji hawafichi. Humo mgeni huona rangi zikisagwa na chapa zikitolewa kwenye bamba la shaba. Wangeweza kutunza kuta tu. Wao wametunza na kazi ya mikono yake. Hongera zao.