Utafiti Nyanjani: Mradi Tunaoukariri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda unadhani kwamba mradi ni jambo geni lililoletwa na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019. La hasha! Fasihi simulizi katika shule za sekondari ilikuwa na mradi wake tangu kitambo: utafiti nyanjani. Kasoro ni kwamba tumeugeuza kuwa orodha ya kukariri. Mtahiniwa akiulizwa changamoto za utafiti, ataandika ukosefu wa fedha, barabara mbovu na wahojiwa wanaodai malipo. Atatuzwa alama zake, ilhali hajawahi kumhoji hata nyanya yake.

Chukua mighani ya Syokimau, nabii wa Wakamba anayesimuliwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka mrefu, yaani reli. Hapa Machakos jina lake limepewa hata stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 2012. Miongozo mingi humtaja kwa sentensi moja na kupita. Sasa mtume mwanafunzi kwa wasimulizi watatu wa rika tofauti, awarekodi kwa idhini yao. Yamkini atarudi na Syokimau watatu! Tofauti hizo si makosa ya kusahihishwa; ndiyo fasihi simulizi yenyewe. Na aulize zaidi: reli ilifika Nairobi mwaka 1899 ikauacha mji wa Machakos kando, na makao ya utawala wa Waingereza yakahamia huko. Je, fanani analitaja hilo, au analinyamazia? Kwa nini?

Ugumu ambao miongozo haiugusi ni wa lugha. Fanani husimulia kwa Kikamba, nayo ripoti huandikwa kwa Kiswahili. Tanakali za sauti zitafsiriwe vipi? Kiitikio cha wimbo ulio ndani ya ngano je? Kwa maoni yangu, kiachwe kama kilivyo, kisha kifafanuliwe. Hapo mwanafunzi hujifunza Kiswahili kuliko katika zoezi lolote la ufahamu.

Katika kusahihisha, usituze jalada lililopakwa rangi (mara nyingi na mzazi). Tuza daftari la nyanjani: nani alisimulia, wapi, saa ngapi, mbele ya hadhira gani, nayo iliitikiaje. Muhula ukiwa mfupi, wasimulizi wawili watatosha. Mmoja hatoshi, kwani hakutakuwa na cha kulinganisha.