Kabati la Vioo, Kopo la Uvunguni

Katika sebule ya bibi yangu pale Ng'ambo, Tabora, kulikuwa na kabati la vioo ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Rafu ya juu ilikuwa ya dele la shaba la kahawa, mdomo wake mrefu kama wa korongo. Rafu ya pili ilikuwa na chetezo, mrashi wenye shingo iliyopinda, na sahani mbili za kauri zenye maua ya bluu, moja ina ufa. Ya chini ilikuwa ya mambo ya karibuni: vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea, picha ya mjomba siku ya mahafali, na saa ya mezani iliyogoma saa nne na dakika kumi tangu kabla sijazaliwa. Kila rafu na kitambaa chake cha kufuma. Pembeni, sakafuni, lilikaa sanduku la mbao lenye njumu za shaba, na juu ya sanduku redio.

Hilo ndilo lilikuwa jumba langu la kwanza la makumbusho, na lilikuwa na mwongozaji. Mgeni akishakaa na kupewa maji, mjomba alianza. Dele hili lilikuja na misafara. Sanduku lilikuja kutoka Unguja. Sahani zilikuja Tabora zikiwa kumi na mbili, zimebaki hizi. Na sisi wenyewe, alimalizia huku akirudi kitini, wazee wetu walikuja kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimekuja. Ilinichukua miaka mingi kuanza kukikagua kitenzi hicho, na kilichonifanya nikikague ni nyumba nyingine, kilomita chache nje ya mji.

Tembe la Kwihara mnalijua, angalau kwa picha za vitabu vya shule: kuta nene za rangi ya udongo mwekundu, paa bapa, mlango wa kuchongwa. Linaitwa tembe la Livingstone. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akarudi naye Februari 1872 baada ya kukutana Ujiji, akaondoka Machi. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, kisha akaelekea kusini na hakurudi akiwa hai. Ukijumlisha, ni kama nusu mwaka. Nimekaa nyumba za kupanga kwa muda mrefu zaidi ya huo na hakuna hata moja iliyopewa jina langu.

Lakini utani huo ni mwepesi, na nimeusoma katika makala nyingi. Kulalamika kwamba makumbusho zetu zinamtukuza Mzungu ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaimaliza kabla ya chai. Swali linalonikera mimi ni jingine. Tuseme kesho tunaondoa jina la Livingstone mlangoni. Tutaandika la nani? La Mwarabu aliyekuwa mwenye nyumba? La mtemi wa Unyanyembe? Au la aliyekanyaga udongo wa paa lile mpaka ukashikana?

Stanley mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuaminika katika mengi, ni shahidi mzuri wa sebule. Katika kitabu chake cha safari hiyo anaeleza alichokiona ndani ya nyumba za Waarabu wa Tabora: mazulia ya Kiajemi, matandiko ya kifahari, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, masinia ya shaba yaliyonakshiwa, hata saa za dhahabu. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana ni kabati la bibi, ila la tajiri. Ladha ile haikufa na misafara. Ilishuka kutoka kwa tajiri hadi kwa jirani, kutoka fedha hadi shaba, hadi thermosi yenye maua. Tunachokiita "vitu vya kizamani" katika nyumba za Tabora ni mpangilio wa sebule uliotembea kwa miguu kutoka pwani.

Kwa miguu ya nani, sasa? Hapa naomba tusikimbilie jibu moja. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi huru, wenye mkataba, wanaolipwa kwa merikani na kaniki, ambao mzigo wa frasila mbili begani, kama kilo 32, ulikuwa kwao kazi ya fahari. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa mtu. Huyo, ukisema "alikuja", umesema kweli tupu. Lakini njia ilikuwa hiyohiyo moja. Nyuma yake au mbele yake alipita mwingine aliyefungwa kwa mwenzake shingoni, na huyo naye, kwa Kiswahili cha sebule yetu, "alikuja". Mjomba hakuwa akisema uongo. Alikuwa na kitenzi kipana mno.

Bibi alipofariki, siku chache baada ya arobaini, wakubwa waligawana. Hakukuwa na ugomvi mkubwa. Mjomba alichukua dele na sanduku, mama mdogo akachukua mrashi na chetezo, sahani zikagawanywa moja moja ili pasiwe na manung'uniko, yenye ufa akapewa mama yangu. Tulipoinua godoro likatoka kopo la NIDO. Ndani, limefungwa katika kipande cha kanga, lilikuwemo fundo la shanga nyekundu, kumi na tisa, kwenye uzi wa nailoni ambao bila shaka ulikuwa umebadilishwa mara nyingi. Mjomba aliziangalia akazirudisha. Mama mdogo akasema, "Hizo ni za bibi yake mama. Alikuja nazo."

Nikauliza, alikuja na nani?

"Alikuja mtoto mdogo tu."

Na wazazi wake?

"Mwanangu," akasema, "we chukua shanga."

Nilizichukua. Ziko mbele yangu ninapoandika. Siwezi kuthibitisha ni samesame, zile nyekundu ambazo misafara ilizibeba kwa mafungu na kununulia chakula njiani na pembe mwisho wa safari, nyingi zikitengenezwa Venice. Lakini najua kwamba bibi, aliyeweka vikombe vya plastiki nyuma ya kioo, hakuziweka hizi. Alijua thamani ya kuonyesha kuliko yeyote kati yetu, na hizi aliamua zisionekane. Kopo lile nalo ni sehemu ya maonyesho. Ndiyo maelezo pekee ambayo bibi aliyaandika mwenyewe.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Bibi alizaliwa miaka michache baadaye na alilelewa na huyo bibi yake. Kwa hiyo umbali ninaouzungumzia si wa vitabuni. Ni mtu aliyemsuka nywele mtu aliyenisuka nywele.

Nikarudi kwenye maandishi nikitafuta namna wengine walivyolishughulikia jambo hili. Tawasifu ya Tippu Tip, aliyoiandika kwa Kiswahili na Heinrich Brode akaichapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, inapita Tabora mara kwa mara, kwani baba yake alikuwa na makazi huko. Ni kitabu kitamu, cha mtu anayejua kusimulia, na ninawashauri mkisome. Ila someni mkiwa na kalamu. Pembe zina frasila, bidhaa zina bei, wakubwa wana majina na majina ya baba zao. Waliobeba hupita kwa wingi, kama mvua inavyopita. Ni sauti ya mjomba, kitabu kizima.

Halafu kuna Jacob Wainwright. Mei 1873, Livingstone alipofia kwa Chitambo, ni huyu kijana, aliyewahi kuwa mtumwa na baadaye akasomeshwa India, aliyesoma sala na kuandika orodha ya mali ya marehemu. Akina Chuma na Susi wakaubeba mwili na mali ile. Oktoba walifika Kwihara wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alijichukulia vipimo vya safari vya marehemu ingawa wabebaji hawakutaka kuviachia. Watu wale walikuwa wamevitunza miezi mitano porini pamoja na maiti, na walijua kila kitu kilichomo. Ukinipa chumba kimoja Kwihara nikipange, ningeweka orodha hiyo ukutani na kando yake karatasi tupu ya ukubwa uleule: mali ya walioibeba.

Tangu 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, kama njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe. Neno utumwa limo katika jina lenyewe. Vilevile vijana wa rika langu wanadai kwa sauti vitu vya Kinyamwezi vilivyoko Berlin, kikiwemo kiti cha enzi chenye umbo la mtu kwenye egemeo, na wana haki ya kudai. Mimi pia nadai. Ila nimegundua kwamba kuidai Berlin hakujanigharimu hata mlo mmoja. Kumuuliza mjomba kuna gharama: nilimuuliza Idi iliyopita, kwa adabu zote, kama neno sahihi si "waliletwa". Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nataka watoto wake waoe wapi.

Sikuwa na jibu, na bado naona swali lake lina uzito kuliko makala hii. Nilikuwa nimemwona kama mwongozaji mvivu anayerudia maelezo ya zamani. Kumbe alikuwa mlinzi. "Kuja" kilikuwa kitenzi cha kuwaozesha watoto, cha kupata kiwanja, cha kukaa baraza moja na watu ambao babu zao labda walinunua babu zetu.

Shanga nimezitoa kwenye kopo. Ziko juu ya rafu ya vitabu, chumbani kwangu Dar es Salaam, juu ya kitambaa alichofuma bibi. Mgeni wa kwanza kuziona, rafiki wa kazini, alizishika akauliza nimezinunua Mwenge kwa bei gani. Nikamwambia ni za familia, zililetwa Tabora kutoka upande wa Kongo.

"Zililetwa na nani?"

Nikaenda jikoni kuangalia chai.