Wati 18 Zilizotia Giza Maktaba

Ukumbi wa kusomea wa maktaba ya chuo kimoja tuliuona, kabla na baada ya kubadilishwa taa. Kuhama fluoresenti kwenda LED chuo hakikukosea. Kilikosea kwenye mstari mmoja wa zabuni: tyubu ya LED, futi 4, wati 18. Basi. Lumeni hazikutajwa.

Hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Tyubu ya zamani ya fluoresenti, T8 ya wati 36 yenye fosfa tatu, hutoa lumeni 3,350 ikiwa mpya. Iliyonunuliwa imeandikwa 1,600 ubavuni. Utetezi wa wakandarasi naujua, maana wameukariri: fluoresenti humwaga mwanga pande zote, LED huuelekeza chini. Kweli, basi tuupigie hesabu. Chukua fitingi ya zamani inayopitisha asilimia 65 ya mwanga wa tyubu: lumeni 2,180 hivi. Ipe LED asilimia 88: lumeni 1,400. Theluthi nzima imepotea, na mhasibu anashangilia bili! Ni kama kusifia daladala kwa kunywa mafuta kidogo bila kuuliza hubeba abiria wangapi.

Kinachoudhi zaidi, dawa ipo sokoni. Tyubu za wati 16 zenye lumeni 2,500 zinauzwa. Kwa asilimia ile ile 88 zinashusha 2,200, sawa na mwanga wa zamani. T8 na choki yake hula kama wati 45, kwa hiyo kwa saa 3,000 za mwaka kila tyubu ingeokoa uniti 87. Iliyofungwa inaokoa 81, tena kwenye karatasi tu, kwa sababu meza za nyuma sasa zimening'inizwa balbu kwa waya wa ekstensheni.

Kosa si la fundi: choki na stata zimetolewa na waya zimeunganishwa upya kwa usafi. Hongera kwake.

Rangi nayo ni kelvini 6,500. Nimeilalamikia tangu enzi za enaji seva, na bado kuna wanunuzi wanaodhani weupe wa kuumiza macho ndio mwangaza.

Wazee waliotutangulia kazini walianzia mezani: laksi 500 kwa msomaji, kisha ukubwa wa chumba, rangi ya dari, uchakavu wa taa, ndipo idadi ya fitingi. Wati zilikuja mwisho, kwenye saizi ya waya na fyuzi. Hata Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya 2014 kwa LED ya buluu iliyotupa mwanga mweupe kwa umeme kidogo. Mwanga kwanza, jamani.

Mkataba wa Minamata umeweka 2027 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuagiza tyubu za kawaida za fluoresenti, kwa ajili ya zebaki yake. Zabuni kama hii zitamiminika. Ziandikwe kwa lumeni, na malipo ya mwisho yasitoke kabla kipima mwanga hakijawekwa juu ya meza.