Pongezi kwa APS wa Kivu

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mvuvi akizama na mwili usionekane, matanga hukosa kaburi la kuyamalizia, na mjane hubaki hajui alie au angoje. Daktari wa nafsi kutoka mbali atamtajia jina la ugonjwa. APS, yule msaidizi wa kisaikolojia na kijamii aliyekulia Kivu, atamuuliza kwanza kama mkeka wa kilio umekunjwa, na nani aliukunja. Ndiyo maana nawapongeza.

Wapo wanaosema hawa hawana shahada. Kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanawake walionusurika ubakaji mashariki mwa Congo uliwatumia watu wa aina hiyo hiyo, wenye miaka michache tu ya sekondari. Miezi 6 baada ya tiba ya vikundi, asilimia 9 walibaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi; kwa waliopata usaidizi wa mmoja mmoja, asilimia 42. Kilichohitajika ni mafunzo na usimamizi. Pingamizi zito zaidi ni siri: kijijini kila mtu ni shemeji ya mtu, na huku Rutshuru, eneo lenye Vitshumbi, jina la ukoo pekee laweza kumtia mtu hatarini. Hapo APS wa kabila lako si lazima awe bora. Afadhali wa kijiji jirani, anayejua Kiswahili chenu na asiyeuliza umetoka upande gani.