Mtoto Kama Kitondo: Kuhakiki Lugha ya Matangazo ya Kuwachangia Watoto

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, tumezoea kuwafunza wanafunzi wetu kwamba matini ya kifasihi huwa na msimulizi, wahusika, mandhari, toni na dhamira. Lakini ipo matini nyingine ambayo huenda wanakutana nayo mara nyingi kuliko riwaya yoyote iliyoteuliwa. Hili ni tangazo la shirika linalowachangishia watoto fedha. Tangazo hilo lina msimulizi, lina wahusika na lina mandhari yaliyochaguliwa kwa uangalifu. Dhamira yake nayo i wazi: utoe. Hata hivyo, ni nadra kulichambua darasani, yamkini kwa sababu tunahisi kuwa kuhakiki ombi la kumsaidia mtoto mwenye njaa ni kukosa utu.

Makala haya yana msimamo tofauti. Tunashikilia kwamba matangazo ya aina hii hupata nguvu zake si kwa kile yanachoonyesha tu, bali zaidi kwa kile yanachoondoa. Humwondolea mtoto wazazi, majirani, mahali na, juu ya yote, usemi. Tukitumia istilahi za sarufi, katika sentensi "Mfadhili amempa mtoto chakula", mfadhili ni kiima, chakula ni shamirisho kipozi, na mtoto ni shamirisho kitondo. Ombi lote la hisani hujengwa juu ya sentensi hiyo moja. Mtoto ni kitondo daima.

Suala hili si la kinadharia kwetu hapa Machakos. Katika shule zetu wamo wanafunzi wanaolipiwa karo na wafadhili wa ng'ambo. Wengine picha zao zilipigwa wakiwa wadogo mno, na huandika barua za shukrani kwa watu wasiowajua. Mwanafunzi wa aina hii si msomaji wa tangazo tu, bali ni mhusika ndani yake. Ana haki ya kujua jinsi alivyosawiriwa.

Matini ya mfano

Ili tusizungumze kwa jumla, hebu tuchukue matini moja inayojulikana: filamu iitwayo Kony 2012. Filamu hii ya takribani dakika 30 ilitolewa tarehe 5 Machi 2012 na Invisible Children, shirika la Marekani lililokuwa na makao mjini San Diego. Lengo lake lilikuwa kumfanya Joseph Kony, kiongozi wa kundi la Lord's Resistance Army (LRA), ajulikane kote duniani ili akamatwe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilikuwa imetoa hati ya kumkamata mwaka wa 2005, na miongoni mwa makosa aliyodaiwa kutenda ni kuwaingiza watoto vitani. Katika muda wa siku sita hivi, filamu hiyo ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Matini iliyoweza kuwavuta watu wengi kiasi hicho inastahili kuhakikiwa.

Usimulizi na wahusika

Msimulizi ni Jason Russell, mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo na mwelekezi wa filamu yenyewe. Anatumia nafsi ya kwanza. Mapema anatuonyesha kuzaliwa kwa mwanawe, Gavin, na jinsi mtoto huyo anavyokua. Baadaye ndipo tunapokutana na Jacob, mvulana wa kaskazini mwa Uganda ambaye ndugu yake aliuawa na waasi. Jacob analia mbele ya kamera, naye msimulizi anamwahidi kwamba watamkomesha Kony.

Tazama mpangilio huo, msomaji. Mtazamaji wa Marekani hapelekwi Uganda moja kwa moja. Kwanza anapewa mtoto anayefanana na wake, kisha anaombwa kuhamishia mapenzi hayo kwa mtoto wa mbali. Huu ni usambamba wa wahusika, na umetumiwa kwa ustadi. Lakini Jacob akishalia, kazi yake katika ploti ni kama imekwisha. Wanaopanga, wanaosafiri, wanaoandamana na kubandika mabango ni vijana wa ng'ambo. Yeye ni chanzo cha tendo la wengine, hatendi.

Aidha, wahusika wamefanywa bapa makusudi. Katika onyesho moja, msimulizi anamweleza Gavin kwa kutumia picha nani ndiye mbaya. Vita vilivyodumu kwa miongo miwili vinafupishwa hadi mhalifu mmoja na picha yake. Kwamba LRA ilikuwa imeshaondoka Uganda kufikia mwaka wa 2006 na kuelekea nchi jirani ni jambo linalotajwa kwa kupita tu. Mtazamaji asiye makini atadhani kwamba watoto wa Gulu walikuwa wakitekwa usiku huohuo aliokuwa akitazama.

Muda, rangi na nafsi ya pili

Mbinu nyingine ni taharuki ya muda. Mtazamaji anaambiwa kwamba filamu itapitwa na wakati tarehe 31 Desemba 2012. Anapewa pia usiku maalumu, tarehe 20 Aprili, wa kujaza miji mabango. Msomaji akipewa saa inayokwisha, hufikiri kwa haraka zaidi na huuliza machache zaidi. Mabango yenyewe yalitumia rangi nyekundu na yakaiga mtindo wa kampeni za uchaguzi wa Marekani, uliokuwa ukifanyika mwaka huohuo. Kwa dola 30 hivi mtu alipata kisanduku chenye mabango, bangili na vibandiko. Kwa hivyo alitoa na akapokea. Alinunua taashira ya wema ambayo angeweza kuivaa mkononi.

Isitoshe, matangazo ya hisani hupenda nafsi ya pili umoja. Huitwi "nyinyi" wala "jamii", unaitwa "wewe". Wewe ndiwe tumaini lake. Ni balagha nzuri, kwa sababu wajibu uliogawanywa kwa watu milioni huwa mwepesi, ilhali wajibu wa mtu mmoja humlemea.

Mtoto mmoja dhidi ya takwimu

Nguvu ya mbinu hii imepimwa. Mwaka wa 2007, watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti ambao washiriki walipewa dola 5 kila mmoja, kisha wakaombwa wachangie shirika la Save the Children. Waliosomewa habari za Rokia, msichana wa miaka 7 kutoka Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. La kushangaza ni hili: waliopewa habari za Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43 pekee. Maelezo ya ukweli mpana yalipunguza huruma badala ya kuiongeza.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Shirika linalotaka fedha lina sababu nzuri ya kuondoa muktadha. Kila linapoeleza bei za vyakula, siasa au ukame, linahatarisha mchango. Kwa hiyo upungufu tunaouona katika matini hizi hautokani na uvivu wa mwandishi. Ni chaguo la kifani lenye faida.

Hadhira iliyosahauliwa

Nadharia ya upokezi hutukumbusha kwamba maana ya matini hukamilishwa na hadhira. Tarehe 13 Machi 2012, Kony 2012 ilionyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, na shirika la vijana la huko liitwalo AYINET. Maelfu walihudhuria, na wengi wao walikuwa wameumizwa na vita hivyo. Walikasirika. Wengine waliuliza ni kwa nini filamu iliwahusu zaidi wazungu kuliko wao, na wakaudhika kuona jina la mtesi wao likipambwa kwenye fulana. Mawe yalirushwa, na maonyesho yakasitishwa. Mwanahabari wa Uganda, Rosebell Kagumire, naye alijibu filamu hiyo kwa kulalamikia namna inavyowasawiri Waafrika kama watu wasio na sauti wala uwezo.

Matini ni ileile. Jijini San Diego ilizaa machozi, huko Lira ikazaa hasira. Tofauti ni kwamba watu wa Lira walijitambua kuwa kitondo.

Je, hisia ni kosa?

La hasha. Itakuwa dhuluma kudai hivyo. Mwezi wa Oktoba 1984, mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, zikatangazwa na BBC pamoja na ripoti ya Michael Buerk. Ulimwengu uliokuwa umelala uliamka. Tamasha la Live Aid lilifuata tarehe 13 Julai 1985, na misaada iliyopatikana iliokoa watu. Mhakiki anayedharau picha hizo na amwambie aliyeshiba kwa sababu yake. Ila ni kweli pia kwamba tangu hapo picha ya mtoto aliyekonda ilikuwa kama vazi rasmi la bara zima.

Ukambani tunao mfano wa namna nyingine ya kuisimulia njaa. Wazee wetu huzipa njaa majina. Moja ya njaa za miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa ilhali nimeshika, nimeshika pesa mkononi. Zingatia nafsi: ni ya kwanza. Mwenye njaa ndiye msemaji, na ndiye kiima. Zingatia pia kinaya: pesa zipo, chakula cha kununua hakipo. Kwa maneno mawili tu jina hilo linatia uchungu na papo hapo linaeleza chanzo. Kwa hivyo si kweli kwamba hisia na muktadha haviwezi kukaa pamoja. Vinakaa, mradi anayeumia aachiwe usimulizi.

Darasani

Ndugu mwalimu, leta tangazo moja darasani na uwaulize wanafunzi maswali haya. Nani anasimulia, na kwa nafsi gani? Nani ameondolewa kwenye picha: mama, mwalimu, jirani? Kamera iko juu ya mtoto au imelingana na macho yake? Chanzo cha taabu kimetajwa? Je, mtoto mwenyewe au mzazi wake angelisoma, angelikubali? Mtahiniwa aliyezoea maswali haya hatatapatapa akiulizwa kuhusu toni, usawiri wa wahusika au kinaya katika karatasi ya tatu.

Kuhusu barua za wafadhili, mruhusu mwanafunzi aandike zaidi ya shukrani. Aeleze anachosoma, anachobishana nacho, na mvua ilivyonyesha kwao. Shukrani ni adabu, lakini mtu hajumlishwi kwa shukrani. Vilevile, anayekuja shuleni na kamera akumbushwe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake.

Hitimisho

Anayetoa na aendelee kutoa, kwani karo hailipwi kwa uhakiki. Tunachodai ni kwamba mtoto anayesaidiwa ajifunze kuisoma picha yake mwenyewe, na aweze kuitunga upya sentensi ile ya mwanzo akiwa yeye ndiye kiima. Tukimfikisha hapo, somo la fasihi litakuwa limefanya kazi ambayo mtihani pekee hauwezi kuipima.