Kalamu ya Tippu Tip: Uzuri Wake na Upungufu Wake

Katika masomo ya uandishi, sisi wanafunzi tunafundishwa sifa za mwandiko mwema: ueleweke, uwe mfupi, ufwate mpango, useme kweli. Sifa hizi ni rahisi kuzishika kichwani kwa siku ya mtihani. Lakini ukali wa kisu haujulikani mpaka kikate. Basi tumependa kuzipima kwa kitabu kimoja, nacho kinatuhusu sisi watu wa Kisangani: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe.

Jina la mtu huyu halina harufu nzuri kwetu. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837, akafa kule mwaka 1905. Alifanya biashara ya pembe za tembo na ya watumwa toka pwani mpaka Maniema na mpaka mtoni kwetu. Mwaka 1887 Stanley alipatana naye Unguja, naye akawekwa kuwa wali wa Stanley Falls, yaani hapa penye maporomoko, kwa mshahara wa Serikali ya mfalme Leopold II. Wengi wanayajua hayo. Wachache wanajua kwamba alikuwa mwandishi pia. Katika uzee wake aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mdachi Heinrich Brode alizigeuza katika herufi za Kilatini, zikapigwa chapa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Kisha W. H. Whiteley alizitafsiri kwa Kiingereza, na padri François Bontinck wa shirika la Scheut alizitoa kwa Kifransa, Brussels, mwaka 1974.

Tuanze na sifa zake, kwa maana anazo. Tippu Tip anaandika kama mfanya biashara anayetoa hesabu. Maneno yake ni mafupi: tulitoka, tulifika, tulinunua, tulipigana. Anataja jina la mfalme na la fasi. Pembe anazihesabu kwa frasila. Hatafuti maneno makubwa. Kiswahili chake ni cha Unguja, tena kina maneno ya Kiarabu tusiyoyazoea, lakini mtu wa Kisangani anamfwata pasipo kuchoka. Hili ni fundisho kwetu. Wengi wetu tunaanza barua kwa mistari kumi ya salamu na sifa, na aliyeipokea anafika mwisho wa karatasi pasipo kujua tunaomba nini. Jina moja na hesabu moja vina nguvu kupita maneno matatu ya kupamba.

Sifa ya pili ni kwamba anajua kunyamaza. Mwaka 1876 alikutana na Stanley katika Maniema. Stanley alimsifia bunduki yake inayopiga risasi nyingi mfululizo. Tippu Tip hakusadiki, akamjibu kwamba kuna inchi yenye upinde unaotupa mishale mingi kwa mara moja. Ndipo Stanley akatoka nje na kuipiga bunduki. Mwandishi hasemi: nilimchekelea. Hasemi: Mzungu alikasirika. Anatuachia sisi kuyaona. Stanley naye alisimulia kukutana kwao katika kitabu chake cha mwaka 1878, na huko anaeleza kwa urefu sura na mavazi ya Mwarabu huyu. Kila mmoja ana njia yake, lakini kwa kufundisha ginsi ya kusimulia, tungechagua ule ufupi.

Sasa tufike kwa sifa ya ine, ile ya kweli, na hapa ndipo penye shida. Katika inchi ya Utetela, Tippu Tip alimwendea mfalme mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya wanawake wa ukoo wa mfalme waliotekwa zamani. Basi alijitangaza kuwa ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee alifurahi, akamwachia ufalme. Nani ametupa habari ya hila hiyo? Ni Tippu Tip mwenyewe, pasipo haya, na msomaji anaona wazi ginsi hadisi ile ilivyotungwa. Mtu anaweza kusema: tazameni, mwandishi wa kweli, hafichi hata uwongo wake.

Sisi tunasema: ni kweli nusu. Amesema kweli juu ya nafsi yake. Lakini yule mzee aliyezani amepata tena damu ya ndugu yake, moyo wake ulikuwa namna gani? Na watu wake, waliogeuka mali ya mgeni? Kitabu hakiulizi. Wafalme wana majina, kwa sababu walipigana naye au walimtolea pembe. Lakini mateka, kwa kawaida, wanapita kama kundi pasipo majina. Pembe inapata uzani wake. Mtu aliyeibeba hapati hata jina. Na tuangalie vema: kosa hili haliko katika maneno. Maneno ni safi, mpango ni mzuri. Kosa liko katika jicho.

Mtu atatupinga: alikuwa mtu wa wakati wake, na kitabu cha mchuuzi si maungamo. Hatumdai machozi. Lakini wakati ule haukuwa kipofu. Livingstone aliishi kati ya wachuuzi hao, akasaidiwa nao. Tippu Tip mwenyewe alimpokea mwaka 1867. Hata hivyo, tarehe 15 Julai 1871, watu wao walipopiga risasi sokoni Nyangwe na wanawake wengi wakafa mtoni, aliandika aliyoyaona wala hakuwaficha waliompa chakula. Basi mtu wa wakati ule aliweza kuona, kama akitaka.

Kwa hiyo tunaongeza sifa ya tano katika daftari yetu: haki. Mwandiko mwema unampa kila mtu anayetajwa uzito wake, hata yule asiye na bunduki wala pembe. Jambo hili si la vitabu vikubwa tu. Kesho tutaandika vitabu vya ubatizo, barua za misioni, habari za mabishano ya shamba kati ya jamaa mbili. Tukiandika «mwanamke mmoja alileta malalamiko», tumefanya kama Tippu Tip: maneno ni mafupi, yanaeleweka, na mtu amepotea.

Tena Kiswahili chetu kilifika huku kwa njia ile ile ya misafara. Luga iliyohesabu pembe ndiyo tunayosali nayo leo. Wagenia wa maporomoko, ambao wazee wao waliona mitumbwi ya wageni ikifika, hawakuacha kitabu cha miaka ile. Yaliyobaki yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanakufa. Katika likizo ijayo, kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja, amwulize, na aandike kwanza majina. Mkono tujifunze kwa Tippu Tip. Jicho tulitafute kwingine.