Hazina ya Mfalme na Swali la Mtumishi

Katika karne ya 12 Richard FitzNigel, mweka hazina wa Mfalme Henry II wa Uingereza, alitunga kwa Kilatini kitabu cha mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi juu ya ofisi ya hesabu za kifalme. Uzuri wake umo katika mfano wa sataranji: mezani, juu ya kitambaa cheusi chenye miraba, mweka hazina hushindana na liwali wa jimbo kwa hesabu, si kwa upanga. Ila yake imo katika dibaji: mtumishi ailinde mali ya mfalme, wala asihoji kama ilipatikana kwa haki. Mwaka 1215 mabaroni walihoji, wakamlazimisha Mfalme John, mwana wa Henry, aikubali Hati Kuu. Yafaa basi kitabu kisomwe kwa ustadi kinaoueleza, na pia kwa swali kililolikataza.